Simu ya Mama, Simu ya Nyumba Nzima

Huku Kahe, Moshi Vijijini, simu haina mwenyewe mmoja. Asubuhi inaondoka na mama kwenda gulioni, mchana inarudi chaji imebaki kidogo, jioni inashikwa na kijana wa kidato cha pili anayesema anatafuta notisi za baiolojia. Mdogo wake anaililia aangalie katuni. Usiku bibi anaitaka asomewe meseji ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Nyumba ya dereva wa bodaboda inaweza kuwa na simu janja mbili na kitochi kimoja. Nyumba ya bibi na wajukuu watatu inaweza kuwa na kitochi peke yake, na bado wajukuu hao wakaijua TikTok vizuri kabisa, kwa sababu jirani anayo.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Mashauri mengi ya kuwalinda watoto mtandaoni yameandikwa kwa mzazi ambaye mtoto wake ana chumba chake, simu yake na intaneti ya nyumbani isiyokatika. Ukiyachukua yalivyo ukayaleta kwenye vijiji vyetu vya Oria au Ghona, yatakuchosha bure. Utaweka kufuli kwenye simu yako, mtoto ataomba ya binamu yake. Utamnyima bando, atajaziwa video kwenye memori kadi kibandani kwa shilingi mia chache. Utamkataza TikTok, ataitazama stendi kwenye simu ya kijana anayesubiri abiria. Sisemi kufuli halina kazi, na huko mbele nitaeleza lipi lina faida. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kahe anapita kwenye simu tano kwa wiki, na wewe unaimiliki moja tu kati ya hizo.

Mwenyeji wa huku analielewa jambo hili kwa mafuriko. Mvua ikipiga huko juu Kilema na Marangu, Kahe jua linaweza kuwa linawaka, na jioni Mto Mue ukakuletea maji ya mvua ambayo hukuiona. Mzazi anayechunguza simu yake tu anatazama mawingu yaliyo juu ya paa lake.

Mwaka 2022 ulitoka utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa hapa Tanzania na ECPAT, INTERPOL na UNICEF. Ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17, kama 67 wanatumia intaneti. Kati ya hao wanaotumia, 4 katika kila 100 walikuwa wametendewa ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja tu. Kwa hesabu ya nchi nzima, hao ni kama watoto 200,000. Mimi lakini kilichonishughulisha zaidi ni mambo mengine mawili ya utafiti huo. La kwanza, wengi wa waliowatendea watoto ubaya huo walikuwa watu ambao mtoto tayari anawafahamu. La pili, mtoto aliyedhurika, kama alisema popote, alimwambia rafiki yake. Waliofika polisi au kupiga namba ya msaada ni wachache mno.

Kwa hiyo kabla ya mpangilio wowote wa simu, kazi ya mzazi ni kuhakikisha kwamba siku mtoto akiingia matatani, atakuja kwake. Hilo ni gumu kwetu kuliko kujifunza simu, na tusidanganyane. Mtoto wetu anaogopa fimbo kuliko anavyomwogopa tapeli. Anajua akisema "kuna mtu ananitishia," swali la kwanza litakuwa "na simu ulipewa na nani?" Tapeli naye analijua hilo. Mtaji wake mkubwa ni kwamba mtoto hatathubutu kusema nyumbani, na mtaji huo tunampa sisi wenyewe.

Mwambie mtoto mapema, siku ambayo hakuna tatizo lolote, mkiwa mnapukuchua mahindi au mnachambua mchele: "Ukipata shida kwenye simu, hata kama wewe ndiye uliyeanza, hata kama nilikuwa nimekukataza, njoo uniambie. Sitakupiga kwa sababu ya kuniambia." Halafu ahadi hiyo uitunze siku atakapokuja na jambo dogo, kwa sababu ataanza na dogo. Atakuja na habari ya rafiki yake, "kuna msichana darasani kwetu ametumiwa picha mbaya." Huenda ni kweli ni rafiki, huenda ni yeye. Vyovyote iwavyo, anakupima. Ukifoka hapo, jambo kubwa hutalisikia kutoka kwake. Utaletewa na jirani.

Na kama wewe baba huwezi kuzungumza na binti yako mambo ya mwili, usijilazimishe ukaishia kutoa hotuba. Desturi zetu zina shangazi, zina bibi, zina mama mkubwa. Chagueni mmoja, na muhimu zaidi mtoto ahusishwe kumchagua, kisha aambiwe wazi: "Jambo ukishindwa kuniambia mimi, mwambie shangazi, na shangazi nimemruhusu asinieleze yote." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoufungua mdomo. Mwalimu wa malezi shuleni anafaa pia, ila mtoto anayesoma bweni huwa na wasiwasi kwamba siri ya ofisini haikai.

Sasa tuangalie jambo lenyewe linavyokwenda, kwa sababu wazazi wengi hudhani hatari huja na picha chafu siku ya kwanza. Haiji hivyo. Chukua binti wa kidato cha pili anayetumia WhatsApp ya mama yake, aliyeingizwa kwenye grupu la kutumiana notisi. Meseji ya kwanza mara nyingi ni ya adabu: "Mambo, nimetoa namba yako kwenye grupu. Mimi niko form five, naona uko vizuri kwenye hesabu." Siku mbili tatu zinapita kwa salamu na maswali ya masomo. Kisha inakuja: "Una bando? Ngoja nikurushie." GB moja inaingia. Kwa mtoto ambaye nyumbani bando ni la kuomba, hiyo ni zawadi kubwa kuliko mtu wa mjini anavyoweza kufikiri. Baada ya hapo linaulizwa swali ambalo ningependa kila mtoto wa Kahe alijue kwa moyo: "Mama huwa anashika hiyo simu saa ngapi?"

Mtu mwema hana haja ya kujua saa hizo. Yeye anazihitaji kwa sababu anataka kuandika mambo ambayo mama hatakiwi kuyaona. Ndipo anapomhamisha: tuhamie Telegram, au weka meseji zijifute zenyewe. Anaomba picha, ya kawaida kwanza, yenye sare. Anasifia. Anaomba nyingine. Siku akiipata anayoitaka, adabu yote inakwisha: "Nitumie elfu thelathini kabla ya saa mbili usiku, la sivyo naiweka kwenye grupu la shule, na namba ya mama yako ninayo." Mwingine hataki pesa, anataka wakutane Moshi mjini, karibu na stendi.

Mfundishe mtoto kushtuka mapema, kwenye bando na kwenye lile swali la saa, kabla picha haijatajwa. Anayetoa kitu bure, anayetaka siri na anayehamisha mazungumzo ni mtu yuleyule, hata akiwa na jina la mtu mnayesali naye jumuiya. Nasema hivyo kwa sababu ya kile utafiti ulichokuta: huyu "form five" anaweza kuwa jirani, fundi, binamu, au mtu anayefundisha tuisheni.

Wavulana tusiwasahau. Wao hufuatwa na akaunti yenye picha ya msichana mzuri, au na mtu waliyekutana naye kwenye mchezo wa Free Fire anayejitolea kuwanunulia almasi za humo. Kijana wa miaka 15 aliyenaswa kwa picha yake mwenyewe ana aibu kuliko hata dada yake, maana amelelewa aamini kwamba mwanamume hadhulumiwi. Anaweza kukaa na siri hiyo mpaka afikirie kujidhuru. Ukiona kijana ameacha kula ghafla, anaiangalia simu kwa hofu, au pesa ndogondogo zinapotea nyumbani, usianze na wizi. Anza na "nani anakusumbua?"

Tuseme limetokea, na mtoto amekuja kukuambia. Sentensi yako ya kwanza iwe "umefanya vizuri kuniambia." Hasira utakuwa nayo, na una haki nayo, lakini ipeleke kwa yule mtu. Usiku huo usimwache mtoto alale peke yake.

Usilipe. Anayelipwa elfu thelathini leo atataka hamsini Jumamosi, kwa sababu umemthibitishia kwamba unaogopa na kwamba unazo. Usifute chochote: meseji, namba, jina la akaunti, tarehe, vyote vibaki. Kama mtoto alishamtumia pesa, meseji ya muamala ni ushahidi mzuri sana, maana inaonyesha jina ambalo laini ile imesajiliwa kwalo, na laini za Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Tapeli huweza kutumia laini ya mtu mwingine, ni kweli, lakini polisi wanapata pa kuanzia. Usimjibu kwa matusi wala kumtisha. Ukishahifadhi ushahidi, mfungie.

Kuna kosa moja ambalo watu wema hufanya wakiwa na uchungu. Mama anaichukua ile picha ya mwanawe, anamtumia mwenyekiti wa kitongoji, anamtumia mjomba, anamtumia mwalimu, "ona walivyomfanya mtoto wangu." Usifanye hivyo hata kidogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Hiyo sheria imewekwa kwa ajili ya yule mhalifu, lakini mkono wako usiingie humo. Na hata tukiiacha sheria, kila simu unayoituma picha hiyo ni simu nyingine ambayo mtoto ataihofia maisha yake yote. Ichukue simu yenyewe, nenda nayo.

Uende wapi? Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na Moshi mjini ndiko wakazi wa Kahe hupeleka mambo mazito. Ukishindwa nauli au ukiogopa kwenda peke yako, anza na mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Kijiji kinatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ile ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017. Uliza nani wamo kwenye ya kwenu, uliza leo kabla hujawahitaji. Na ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Ni bure, na inafaa hata kwenye kitochi kisicho na salio. Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Iandike kwa kalamu ukutani, mahali mnapotundika kalenda.

Neno moja kuhusu kumalizana. Nafahamu mambo yanavyokwenda: ikijulikana kwamba aliyemtumia mtoto meseji ni wa ukoo fulani, wazee watakutana, atatajwa mbuzi, itatajwa mbege, na baba ataambiwa asiharibu undugu. Ugomvi wa mpaka wa shamba tumalize hivyo. Hili hapana. Mtu mzima anayemtaka mtoto picha atamtaka na wa jirani, na mbuzi hatamzuia. Tena mwanafunzi analindwa zaidi: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba. Yale mapenzi ya "sponsa" yanayoanzia kwenye kurushiwa vocha mwisho wake uko hapo.

Kama picha imeshatoka, bado kuna la kufanya. Kituo cha Marekani kiitwacho NCMEC kimefungua huduma ya bure inayoitwa Take It Down, kwa ajili ya picha za mtu aliyepigwa akiwa chini ya miaka 18. Inavyofanya kazi ni hivi: picha haitoki kwenye simu yako. Mtambo unaitengenezea namba ya utambulisho, namba hiyo ndiyo inayopelekwa kwa kampuni kama TikTok, Instagram na Facebook, nazo zikiikuta picha yenye namba hiyo huizuia. Haiwezi kuingia ndani ya magrupu ya WhatsApp. Kwa magrupu, mwombe msimamizi wa grupu aifute haraka na umkumbushe ile faini ya milioni 50. Huwa wanafuta.

Nikirudi kwenye simu yenyewe, kwa kuwa ni ya nyumba nzima, mpangilio utakaokufaa kuliko yote haujulikani na wengi. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini, unapatikana kwenye mipangilio ya usalama. Unafungua katuni au kitabu cha shule, unaibandika, unampa mtoto. Ukichagua iombe namba ya siri, hawezi kutoka humo kwenda WhatsApp wala kwenye pesa bila namba hiyo. Tecno, Infinix na itel nyingi huja pia na kufuli la programu mojamoja. Weka kufuli kwenye pesa, kwenye picha na kwenye WhatsApp. YouTube washa ule mpangilio wa kuzuia yasiyofaa watoto. Hauchuji vyote, unapunguza.

Kwenye WhatsApp, ingia faragha, uamue kwamba anayeweza kukuingiza kwenye grupu ni mtu aliye kwenye namba zako tu. Zima picha na video kujipakua zenyewe. Utaokoa bando, na pia yale ya grupu la marafiki wa kijiweni hayatajimwaga kwenye picha zako ambako mtoto wa miaka 8 anapekua akitafuta katuni. Nisiwaonee watoto: sehemu kubwa ya uchafu wanaoukuta kwenye simu ya nyumbani umeletwa na magrupu ya baba. Zile video chafu zinazoitwa "konekisheni" hazikutumwa na mtoto. Halafu tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mtu akiishika simu yako dakika moja anaweza kuiunganisha na kompyuta au simu yake, akawa anasoma kila unachoandikiwa. Kifaa usichokijua kitoe.

Akaunti za mtoto mwenyewe, ukikubali awe nazo, kagua kitu kimoja ambacho wazazi hawakikagui: mwaka wa kuzaliwa alioandika. TikTok na Instagram zinataka mtu awe ametimiza miaka 13. TikTok huifanya akaunti ya aliye chini ya miaka 16 iwe ya faragha tangu mwanzo, na haimruhusu kutumiana ujumbe wa moja kwa moja na watu. Hizo ni kinga nzuri, na zote zinaanguka mtoto wa miaka 14 akiandika amezaliwa 1999. Wengi wameandika hivyo, kwa kuwa walioneshwa na wenzao. Kaeni pamoja mfungue upya kwa mwaka wa kweli. Atalalamika kwamba wafuasi wake wanapotea. Mwache alalamike.

Kwenye pesa napo pana shimo lake. Katika nyumba nyingi za huku mtoto ndiye mhasibu: anamsomea bibi meseji, anamtolea salio, anajua namba ya siri kwa sababu bibi mwenyewe alimwomba aibonyeze. Sina nia ya kuwavunjia bibi na mjukuu ushirikiano huo, unasaidia. Lakini kijana anayejua namba ya siri ya M-Pesa ya bibi ana kamari mfukoni. Kubeti ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, ila akaunti imefunguliwa kwa namba ya bibi, na mtambo unamwona bibi. Dalili yake ni pesa ndogo zinazotoka mara nyingi, mia tano, elfu moja, kwenda kwenye namba ya kampuni, na meseji za miamala kufutwa. Usitegemee meseji. Omba taarifa ya miamala kwenye menyu ya pesa au kwa mtoa huduma, utaona yote. Angalia pia kama pameingia mkopo wa Songesha au wa namna hiyo ambao bibi hakuuomba. Kisha mfundishe bibi kubonyeza tarakimu zake nne mwenyewe, hata ikichukua wiki nzima. Ikishindikana, pesa kubwa ikae kwenye laini ya mtu mzima mwingine.

Ukiwa hapo hapo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mtoto chini ya miaka 18 hutumia laini iliyosajiliwa na mzazi au mlezi, maana yake akimtukana mtu au akitapeli, atakayetafutwa kwanza ni wewe. Meseji za utapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" na zile za kukuunganisha na Freemason upate utajiri, zipelekwe 15040 kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mfanye mtoto ndiye anayezituma. Atajifunza kuzitambua kuliko ukimhubiria.

Nasi wazazi tuna la kuacha. Kipaimara, komunio ya kwanza, mahafali ya darasa la saba: tunapiga picha mtoto na sare yenye jina la shule, tunaandika jina lake kamili, tunaweka Facebook na kwenye stetasi, "mwanangu anaripoti form one bweni Jumatatu, Mungu ni mwema." Wiki inayofuata unapigiwa simu na mtu anayejiita matroni, mtoto ameanguka, yuko hospitali, tuma laki moja na nusu ya kipimo haraka. Jina analijua, shule anaijua, siku ya kuripoti anaijua. Alisoma kwako. Sherehe ziandikwe, lakini picha iwe ya gauni wala si ya sare, na jina la shule likae nyumbani. Ukipigiwa simu kama hiyo, kata, upige namba ya shule uliyoandikiwa kwenye fomu ya kujiunga. Kama kweli mtoto anaumwa, shule itakuambia.

Vile vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi, na vibanda umiza vinavyoonyesha filamu, mzazi mmoja hatavimudu. Mwenye kibanda ana mafaili yake kwenye kompyuta, na kijana akitaja neno fulani anapewa folda ambayo haijaandikwa ukutani. Hilo lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, halmashauri ikiridhia, na sioni kwa nini kijiji chenye sheria ndogo ya mbuzi kuingia shambani kisiwe na ya mtoto kuingia kibandani saa nne usiku. Mwenye kibanda ni mtu wetu. Kabla ya sheria, mwambieni.

Desemba inahitaji mpango wake. Shule zimefungwa, wa bweni wamerudi na njaa ya simu ya miezi kadhaa, na ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha na watoto wenye simu nzuri kuliko za wazazi wa huku. Watoto saba wanalala chumba kimoja, mmoja ana miaka 17 na bando la usiku, mdogo kabisa ana miaka 9. Hapo ndipo wengi huona kwa mara ya kwanza walichokuwa hawajakiona. Watu wazima wakubaliane siku ya kwanza ya kufika: saa tatu usiku simu zote za watoto, za wageni na za wenyeji, zinakusanywa na kuchajiwa chumbani kwa bibi. Mpwa wa mjini akinuna, mama yake ndiye amwambie. Isiwe kazi ya shangazi wa Kahe aonekane mshamba.

Akifika miaka 18, mpeleke akapate namba yake ya NIDA, kisha nendeni pamoja kwa wakala mkahamishe laini anayotumia iwe kwa jina lake. Siku hiyohiyo badilisha namba zako za siri zote anazozijua, ya pesa, ya simu na ya WhatsApp, na umwoneshe kwamba umebadilisha, ili naye ajue kwamba zake hazimhusu mtu.